Niliisoma Chupa, Nikanyamaza

Iko asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kila ninapoikumbuka hasira hunipanda upya kana kwamba miaka haikupita. Watu husema uzee hupoza damu. Yangu haijapoa. Wewe unayeingia kazi ya uuguzi, nisikilize mpaka mwisho, kisha ukitaka kusema mama huyu ana makasiriko, sema.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, muuguzi mpya katika hospitali moja hapa Lubumbashi, hospitali iliyotibu wafanyakazi wa shaba pamoja na wake na watoto wao. Jina lake sitalitaja. Waliokosa pale wengi wamekufa, na waliobaki wanajijua. Nchi iliitwa Zaire, Chama kilikuwa kimoja, na hatukuitana bwana wala bibi, sote tulikuwa citoyen na citoyenne. Kila asubuhi kabla ya kazi tulisimama uani mbele ya bendera tukaimba na kupiga makofi kumsifu Kiongozi, daktari na mfagiaji bega kwa bega. Aliyechelewa nyimbo aliandikwa. Aliyechelewa kumfikia mgonjwa, sikumbuki kama aliwahi kuandikwa.

Baba yangu alikuwa mchimbaji kule Kambove. Siku nilipovaa kanzu nyeupe ya uuguzi alinitembeza nyumba kwa nyumba, majirani wakaniangalia kama bibi harusi. Nakueleza haya ili usidhani nilikuwa mjinga. Nilifaulu masomo. Nilijua kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa, nilijua kupima na kuhesabu. Elimu nilikuwa nayo. Nilichokosa kilikuwa kingine.

Katika pavilioni yetu ya wanawake alilazwa mwalimu mmoja aliyeitwa Mbuyi, mke wa Ilunga, dereva wa kampuni. Babu zao walitoka Kasai zamani, wakati wa kujenga reli, na yeye alizaliwa hapa hapa. Alifundisha watoto wa mwaka wa kwanza katika shule ya Katuba. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwembamba, lakini ukikosea neno mbele yake, awe ni Kifaransa au Kiswahili, anakurudisha palepale kama mtoto wa darasa lake. Mama wa kitanda cha pili, ambaye hakuwahi kuingia shule, alikuwa amefundishwa naye kuandika jina lake kwa kidole juu ya shuka. Mwalimu alikuja kwetu na kifua kikuu. Homa ilikuwa imeshuka, kikohozi kimekwisha, mwili unarudi. Wiki chache zaidi angerudi mbele ya watoto wake.

Dawa yake ilikuwa sindano kila asubuhi. Dokta Kalenga, aliyetibu pavilioni yetu, aliandika katika fishi yake, karatasi ya matibabu: chupa moja kwa siku. Chupa zile za zamani zilikuwa za gramu moja, na gramu moja ndiyo iliyomfaa. Wagonjwa wengine wa kifua walikuwa wamekwisha kuhamia vidonge, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyebaki kwenye sindano ile.

Asubuhi ninayokuambia, katoni mpya ilifika. Kioo kilikuwa kilekile, kifuniko kilekile chekundu, lakini unga ulijaa karibu na shingo ya chupa. Nikatia maji, unga ukakataa kuyeyuka. Nikaongeza maji, ukawa mzito kama uji. Ndipo nikaigeuza chupa nikasoma. Gramu tano. Nikasoma tena. Chupa moja ya namna ile ilikuwa dawa ya siku tano, mwanangu, na mimi niliishika mkononi ili niimalize kwa mtu mmoja asubuhi moja.

Mkuu wetu aliitwa Kabwe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana watu wabaya ningewaelewa. Alikuwa msafi, mpole kwa wagonjwa, hakunywa, hakuiba. Alipenda kazi iende bila kelele. Nikamfuata mezani pake na chupa.

"Citoyen Kabwe, hizi chupa za mupya haziko sawa na zile za zamani. Hapa baliandika gramu tano."

Hakuinua kichwa. "Dokta aliandika nini mu fishi?"

"Chupa moja kila asubuhi."

"Basi, chupa moja ni chupa moja."

"Lakini dawa haiingie yote mu sindano moja."

"Piga mara mbili, kushoto na kuume." Hapo ndipo akaniangalia, akatabasamu. "Numbi, wewe ulisoma mingi kupita dokta?"

Wenzangu waliokuwa wanakunja mashuka wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka tu kama watu wanavyocheka asubuhi. Lakini kicheko kile kilinitosha. Nikarudi, nikaigawa dawa katika sindano mbili, nikampiga Mwalimu Mbuyi kushoto, nikampiga kuume. Akauliza kwa nini leo ni mbili. Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa.

Tangu utoto tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri, siikatai, imeokoa watoto wengi kutoka motoni na mtoni. Lakini hakuna aliyetufundisha kwamba mkuu naye hukosea njia, na akikosea, miguu inayovunjika ni ya wengine. Kuuliza si ujinga, wanasema pia wazee wetu. Methali hiyo haikubandikwa ukutani kwetu hospitalini. Ukutani palibandikwa picha ya Kiongozi.

Siku ya tatu, nilipokuwa natengeneza kitanda chake, Mwalimu alinishika mkono.

"Numbi, masikio yangu inalia. Inalia sawa kengele ya masomo, lakini haiache."

"Dawa iko inatumika, Mwalimu," nikamjibu. "Hii ni alama ya muzuri."

Wapi nilijifunza kwamba masikio kulia ni alama nzuri? Hakuna mahali. Nililitunga neno lile papo hapo, nikiwa nimesimama, kwa sauti tamu. Na yeye aliyekuwa anasahihisha kila mtu, siku ile hakunisahihisha, kwa sababu nilivaa kanzu nyeupe na hakuijua kazi yangu kama alivyoijua yake. Fikiri juu ya hilo, mwanangu. Mgonjwa anapokuamini anakupa akili yake umshikie. Nami niliishika yake, na yangu nilikuwa nimekwisha kumwachia Kabwe.

Jioni ya kila siku tuliandika katika daftari la wagonjwa hali ya kila kitanda. Kwa jina la Mbuyi niliandika herufi tatu za Kifaransa tulizozizoea, maana yake hakuna cha kutaja. Mkono ulikuwa umezizoea hata haukungoja kichwa.

Siku ya tano Dokta Kalenga alipita. Alikuwa ametoka kwenye semina ya Chama na alikuwa na haraka ya kwenda mkutano mwingine. Kwenye kila kitanda alisimama muda wa kusoma jina tu. Mwalimu Mbuyi alijikaza akakaa.

"Dokta, nikisimama nyumba inazunguka. Jana nilishika ukuta mpaka choo."

"Citoyenne, uko unawaza mingi," dokta akamwambia kwa upole. "Wewe ni mwalimu, kichwa yako haipumzike." Akamgeukia Kabwe. "Muendelee."

Nilikuwa nimesimama pale, fishi kifuani. Chupa ilikuwa kwenye sinia, hatua tatu kutoka mkononi mwa dokta. Angeigeuza tu. Nilifungua kinywa, mwanangu, na mama yule wa kitanda cha pili aliniona nikikifungua. Kabwe akaniangalia. Nikakifunga. Wakahamia kitanda kingine, nami nikawafuata.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliutazama ufa ule siku nane nzima. Siku ya nane niliingia na beseni la maji. Mwalimu alikuwa ameketi ananipa mgongo, anatazama dirisha. Nikamwita. Nikamwita tena kwa nguvu. Mama wa kitanda cha pili akageuka, mwalimu hakugeuka. Nilipomgusa bega alishtuka, akaniangalia midomo, kisha akasema kwa sauti kubwa isiyo yake, "Mbona munasema chini-chini bote?" Akataka kusimama, akaanguka kati ya vitanda viwili.

Kabwe alikuja mbio. Tulipomrudisha kitandani, yeye mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, alikwenda kwenye sinia akaichukua chupa. Aliisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akabeba katoni pamoja na chupa tupu zote, mkuu ambaye hatukuwahi kumwona amebeba hata beseni, akavipeleka mwenyewe kwenye tanuru walipochoma bendeji chafu. Kabla hajaifikia sinia, nilikuwa nimekwisha kuficha chupa moja tupu katika mfuko wa aproni. Hata sasa sijui niliificha ili niseme au ili nisiseme.

Kesho yake niliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Walikuwapo mkurugenzi, Dokta Kalenga, Kabwe, na mjumbe wa Chama pale hospitalini, mwenye abacost, lile koti la watu wa Chama, ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri. Karatasi ilikuwa imekwisha kuchapwa kwa mashine. Ilisema ugonjwa wa Citoyenne Mbuyi ulipanda kichwani na kuharibu masikio, na matibabu yalitolewa kama ilivyoagizwa. Jina langu lilikuwa chini, na nafasi ya sahihi.

"Hospitali hii iko ya taifa," mjumbe akaniambia. "Bantu ba inje bakisikia maneno mengine, batasema nini juu yetu? Tia sahihi, citoyenne."

Nikatia sahihi. Ningependa kukuambia kalamu ilitetemeka. Haikutetemeka.

Siku mbili baadaye Ilunga alikuja kumchukua mkewe. Walimweleza kama karatasi ilivyosema. Mtu yule, mwenye mikono ya kushika usukani wa lori, alipita kwa kila mmoja wetu akitushukuru kwa kuwa kifua kilipona. Mimi alinipa mkono kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwetu ukimheshimu mtu. Kisha akamwongoza mke wake mlangoni, mke anatembea miguu imeachana kama mtoto anayejifunza, ameshika ukuta upande mmoja na mume upande mwingine.

Tangu hapo chakula kilikataa kushuka. Adhuhuri moja nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba ya dobi, mahali pa kuanika mashuka, sahani ya bukari, ugali wetu, ikipoa mapajani, Mama Chola akanikuta. Mama Chola alikuwa mkunga wa zamani, karibu kustaafu, mwanamke wa maneno machache aliyeanza kazi wakati wa Wabelgiji. Aliuliza kama ni mimba. Nikamwambia laiti ingekuwa mimba. Nikamsimulia yote, nikilia, na moyoni nilingoja anipapase mgongo aseme pole mwanangu, haikuwa kosa lako, ulikuwa chini ya wakubwa.

Alinyoosha mkono nimpe ile chupa. Akaiweka mbali na macho yake, akaisoma.

"Ulisoma hii siku gani?"

"Siku ya kwanza, Mama."

"Na ulipiga mara ngapi?"

"Siku nane."

Akaigeuza chupa mkononi. Kisha akasema, "Futa machozi. Inamusaidia nani? Mimi wakati wa Babelgiji balinipa beseni, balisema, shika na unyamaze. Nilinyamaza juu hakukuwa sheria moja ya kunifungua kinywa. Wewe balikupa diplome. Nani alikufunga kinywa? Kabwe alishika sindano?"

"Hapana, Mama."

"Dokta alishika?"

"Hapana."

"Mukono wa nani ulishika?"

Niliinua mkono wangu kama mtoto wa shule. Hakuniambia niushushe.

"Basi neno la 'balinituma' usiliseme mbele yangu," akasema. "Kukosa ni ya bantu bote. Mimi batoto bawili balikufa mu mikono yangu juu ya makosa yangu, na majina ya bamama yabo ninajua mpaka leo. Lakini nilienda kwabo. Sikungoja bafike kwangu. Wewe ulikosa siku ya kwanza, ile ni kosa. Siku ya pili mpaka ya nane, na karatasi ile, tafuta wewe mwenyewe jina yake."

Akanirudishia chupa, akaenda kuzalisha. Nilimkasirikia, mwanangu. Nilimkasirikia siku tatu, kwa sababu kila alilosema nilikuwa nimekwisha kujiambia na kulifukuza. Mficha ugonjwa, kifo humfichua, na mficha kosa naye vilevile, huanza kuoza kabla hajafa. Siku ya nne nilimwambia niko tayari kwenda kwa mwalimu. Akasema atanisindikiza, lakini hatasema neno.

Tulikwenda Katuba Jumapili baada ya misa. Mwalimu Mbuyi alikuwa ameketi barazani na sketi ya buluu ya kazi, ingawa hakuna aliyemngoja darasani. Ilunga akatuletea viti, akafurahi kutuona. Furaha yake ilinichoma kuliko fimbo. Mke wake hakusikia salamu zetu, akamwashiria mume amletee kibao cha shule na chaki, akaniwekea mapajani.

Niliandika: Mwalimu, nisamehe. Alisoma, akakifuta kibao kwa kiganja chake.

"Usianze na mwisho," akasema. "Andika ile ilifanyika."

Nikaandika. Kibao kilijaa, akafuta, nikaandika tena, mara nne. Ilunga alisimama nyuma yangu anasoma. Na kwa kuwa mwalimu hakuisikia tena sauti yake mwenyewe, alisema kwa nguvu, na barabara nzima ikasikia. Mama wa jirani aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha kutwanga.

"Ulijua siku ya kwanza?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Na siku nilikuambia masikio inalia, ulikuwa unajua?"

Nikaitika.

"Uliniambia ni alama ya muzuri."

Hilo hakuliuliza. Alilisema tu, akikumbuka. Ilunga akazunguka akasimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nilikupa mukono." Akaingia ndani akafunga mlango.

Mwalimu alibaki ananitazama. "Utasema hii mbele ya bakubwa?"

Nikaandika: Nitasema.

Akaleta daftari la mazoezi na kalamu. "Chaki inafutika," akasema. "Andika yote humu, na jina yako chini." Nikaandika kurasa tatu. Alipata kosa moja la maandishi katika ukurasa wa pili, akalisahihisha.

Ilunga alizipeleka kurasa zile kwa mkaguzi wa afya wa mkoa, mjini kati. Tuliitwa. Tuliketi upande mmoja mimi, Mama Chola, mwalimu na mume wake. Upande wa pili dokta, Kabwe, mtoaji wa dawa wa hospitali, mkurugenzi na mjumbe. Mjumbe alisema kwanza, akadai kuna watu wanataka kuchafua taifa. Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye miwani, alimsikiliza mpaka akachoka. Kisha akalifungua daftari la wagonjwa akanisukumia.

"Soma mistari ya Citoyenne Mbuyi. Kwa sauti."

Nikasoma. Siku ya kwanza, hakuna cha kutaja. Ya pili, hakuna cha kutaja. Siku ya masikio kulia, hakuna cha kutaja. Siku ya kushika ukuta, hakuna cha kutaja. Mwalimu alikuwa ananitazama midomo, na kwa kuwa midomo ilirudia mwendo uleule, alielewa. Nilipomaliza nikaiweka chupa mezani.

Sasa sikiliza walivyojibu, uone kama hutakasirika nami. Kabwe alisema, "Nilifuata amri ya dokta." Dokta alisema, "Niliandika chupa moja wakati chupa ilikuwa gramu moja, wanaopiga sindano ndio wanasoma." Mtoaji wa dawa alisema, "Nilitoa kile walichoomba." Mkurugenzi alisema aliletewa ripoti ikiwa tayari. Kila mmoja alisema kweli yake, na kweli zile zote ukiziunga zilikuwa uongo mmoja mkubwa. Watu wenye diploma chumba kizima, mikono yao ni safi, na katikati yao mwanamke hasikii kitu. Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikakumbuka kwamba wiki chache kabla, mimi nilikuwa wa tano katika wimbo ule.

Usitegemee nikuambie haki ilitendeka. Kabwe alinyang'anywa ukuu akapelekwa kwenye stoo. Dokta aliandikiwa barua ya kumkemea, na baadaye nikasikia amepandishwa cheo Kinshasa. Mjumbe aliendelea kutuimbisha. Mimi nilisimamishwa kazi miezi kadhaa, kisha nikatumwa kwenye zahanati ndogo ya Kambove, na baba hakunitembeza tena kwa majirani. Mwalimu Mbuyi alipoteza darasa. Shule ilimweka kutunza vitabu, na baada ya muda akaanza kufundisha wanawake wa Katuba kusoma, barazani pake, akiwatazama midomo na kuwasahihisha kwa sauti ile kubwa. Nilikwenda kumsalimu kila nilipofika Lubumbashi. Alinipa kiti, alinipa maji, tukaandikiana habari za dunia. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami baada ya Jumapili ile sikumwomba tena. Pengine ulikuwa msamaha. Pengine ilikuwa adabu tu, maana alikuwa mtu wa adabu.

Kule Kambove tulikuwa wauguzi wawili. Nilimwambia mwenzangu siku ya kwanza, hakuna sindano itakayopigwa hapa kabla ya watu wawili kuisoma chupa kwa sauti. Alinicheka. Nikamwacha acheke, tukasoma.

Kwa nini nakusimulia leo? Juzi mjukuu wangu, naye muuguzi, alikuwa anasema na rafiki yake kwenye simu hapa sebuleni. Alisema, "Mimi ninaingia wapi? Nilifanya vile chef wa kazi alisema." Aliyasema akicheka, huku anakula karanga. Mwanangu, damu ilinipanda nikaona giza. Chama kile kimekufa, Zaire imekufa, picha zimetolewa ukutani, na neno lile bado liko hai na linakula karanga nyumbani kwangu.

Basi chukua nasaha zangu. Heshimu mkuu wako, msalimu, jifunze kwake, maana hakuna aliyezaliwa anajua. Lakini heshima si kumpa macho yako. Ukisoma neno kwenye chupa na neno jingine kwenye fishi, simama. Uliza. Wakicheka, uliza tena mpaka kicheko kiishe. Wakikujibu "ndivyo tunavyofanya siku zote", ujue bado hujajibiwa. Wakikataa, weka sindano chini useme siwezi, nifukuzeni. Kazi hupotea na hupatikana nyingine, nakuambia mimi niliyeipoteza. Mgonjwa akikuambia mwili wake unamwambia nini, liandike neno lake kama alivyolisema, hata kama linakusumbua, na hasa kama linakusumbua. Usimtungie faraja usiyoijua. Sema sijui, nitauliza, kisha kweli ukaulize.

Na utakosea. Usinidanganye kwamba hutakosea, hakuna mkono usiokosea. Siku hiyo usitafute nani alikutuma, usitafute karatasi ya kujifunika. Nenda kwa uliyemwumiza siku hiyohiyo, mweleze kilichofanyika kuanzia mwanzo, na ueleze mbele ya wenzako ili mwingine asianguke shimo lilelile. Itakuuma. Iache ikuume, kwa sababu mwenzako anaumia zaidi.

Nenda kazini sasa, saa ya kufungua mlango wa hospitali imefika. Mungu wa babu zetu aibariki mikono yako iponye wengi. Akupe wakubwa wanaokubali kuulizwa, na asipokupa, akupe ukaidi wa kuwauliza hivyohivyo. Na siku mikono yako itakapokosea, aubariki ulimi wako, useme kabla hujaulizwa.